Kichwa Kipya, Gauni la Zamani: Kisa cha Msichana Msomaji wa Fragonard

Msichana ameketi kiupande, mgongo kauegemeza kwenye takia kubwa lenye rangi iliyo kati ya waridi na zambarau. Gauni lake ni la manjano ya limau. Kola nyeupe ya marinda imemzunguka shingo, na tepe za zambarau zimefungwa nyweleni, shingoni na kifuani. Mkono wa kulia umeshika kitabu kidogo, kidole cha mwisho kikijitenga kidogo na wenzake. Wa kushoto umetua kwenye ubao wa kiti. Yeye hatutazami sisi. Macho yake yako kitabuni, na ukikaa mbele yake mchana kutwa hatageuka.

Picha hii ni kazi ya Jean-Honoré Fragonard, Mfaransa mzaliwa wa Grasse, naye aliichora mnamo mwaka 1769 hivi kwa rangi za mafuta juu ya turubai ya sentimita 81.1 kwa 64.8. Sasa iko National Gallery of Art, jumba la makumbusho la Washington. Watu wengi waliowahi kuiona kwenye kadi au kalenda hawalijui jina la mchoraji, na hawalihitaji. Wanaona msichana, kitabu na utulivu, basi. Wataalamu nao kwa miaka mingi hawakwenda mbali zaidi ya hapo: waliiita mandhari ya maisha ya kila siku, picha ya kupendeza isiyo na mwenyewe.

Lakini chini ya uso wa msichana huyu kuna uso mwingine, na huo unatutazama.

Swali la kisa chetu ni jepesi kuuliza, gumu kujibu. Hii ni picha ya sura ya mtu mahususi, aliyekuwa na jina na pengine na pesa za kulipia, au ni picha ya msichana yeyote? Si swali la kujifurahisha. Picha ya sura ina sheria zake: kuna mtu, kuna kufanana naye, kuna anayeitaka nyumbani kwake. Ukimwondoa mtu huyo, kitu chote kinabadilika thamani, hata kama kila uzi wa utepe umebaki pale pale.

Tuanze na mchoraji, maana tabia yake ni sehemu ya ushahidi. Fragonard alizaliwa mwaka 1732. Alipita kwa muda mfupi mikononi mwa mchoraji Chardin, akafundishwa na François Boucher, fundi mkuu wa mtindo wa Rokoko, yaani ule uchoraji wa Kifaransa wa rangi laini, hariri, bustani na mapenzi ulioshamiri baada ya kufa kwa mfalme Louis XIV mwaka 1715. Mwaka 1752 alishinda tuzo ya kwenda Roma. Mwaka 1765 Akademia ya Kifalme ilimkubali kwa picha kubwa ya kisa cha kale cha Wagiriki, na wengi wakatarajia kwamba atakuwa mchoraji wa historia, kazi iliyoheshimiwa kuliko zote wakati ule. Hakuwa. Baada ya mwaka 1767 aliacha kupeleka kazi kwenye maonyesho rasmi ya Akademia, akawageukia wateja binafsi wa Paris: watoza kodi wa mfalme, wenye benki, makabaila, wacheza dansi. Waliomtegemea walisikitika. Mimi nadhani alijijua vizuri kuliko wao.

Ndipo, mnamo mwaka 1769 na pembezoni mwake, zikatoka picha zinazoitwa kwa kawaida sura za kubuni. Zilizokuwa zikijulikana kabla ya kisa hiki kupamba moto ni kumi na kadhaa, na zinatambulika hata kwa mbali. Vipimo vyake vinakaribiana sana, kama sentimita 80 kwa 65. Kila moja ina mtu mmoja, kuanzia kiunoni kwenda juu, amevaa mavazi yaliyoitwa ya Kihispania: kola za marinda, majoho, mikono ya gauni iliyochanwa-chanwa, kofia zenye manyoya. Hayo hayakuwa mavazi ya mtaani ya mwaka 1769. Yalikuwa mavazi ya dansi za kujificha sura na ya jukwaani, yenye kukumbusha karne moja nyuma. Rangi imepigwa kwa haraka ya ajabu. Brashi inapita juu ya rangi ambayo bado mbichi, zinachanganyika hapo hapo kwenye turubai, na mchoraji harudi kulainisha.

Nyuma ya mojawapo, inayomwonyesha Monsieur de La Bretèche, kuna karatasi ya zamani inayosema kwamba Fragonard aliichora mwaka 1769 kwa saa moja. La Bretèche alikuwa ndugu wa padre Saint-Non, rafiki na mfadhili wa mchoraji, kwa hiyo si ajabu kwamba majigambo ya aina hiyo yalihifadhiwa ndani ya ukoo. Saa moja kamili? Sina haja ya kuapa. Anayeitazama picha hiyo iliyoko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ataona kwamba aliyeandika hivyo hakuwa akisema jambo lisiloingia akilini. Mkono unaonekana ukikimbia.

Sasa rudi kwa msichana wetu. Vipimo ni vile vile. Kola ya marinda ipo. Mkono wa mchoraji ni ule ule, tena unajionyesha waziwazi: kwenye kola amegeuza brashi na kuchora kwa ncha ya mti, akikwangua rangi mbichi ili mikunjo ya kitambaa itokee. Kurasa za kitabu zimepewa mistari michache mifupi, na jicho letu linakubali kwamba yale ni maandishi. Kwa vigezo hivyo vyote alipaswa kuwa dada wa wale wengine. Kilichomzuia kuingia kwenye ukoo ni kichwa. Watu wa sura za kubuni hugeuza mabega na shingo kwa mbwembwe, nyuso zao tunaziona, wana ile hali ya kujua kwamba wanatazamwa. Yeye ameonyeshwa upande mmoja tu wa uso, kama sura kwenye sarafu, na hana habari nasi. Basi akawekwa kando: jamaa wa karibu, lakini si wa tumbo moja.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ningekuwa mwandishi wa katalogi wakati huo ningeandika vivyo hivyo.

Tarehe 1 Juni 2012, kwenye mnada wa Paris, ilijitokeza karatasi moja iliyokuwa haijulikani na wataalamu. Juu yake kuna vichoro 18 vidogo, vimepangwa kwa safu, kila kimoja kikiwa mtu mmoja kuanzia kiunoni. Karibu chini ya kila kimoja limeandikwa jina, na mwandiko ukatambuliwa kuwa wa Fragonard mwenyewe. Vichoro 14 vililingana na picha zake zilizokwisha julikana. Fikiria mshtuko: kundi la picha ambalo wanahistoria walikuwa wamebishania kwa zaidi ya karne moja, nani ni nani, nani ni wa kubuni kweli, sasa limepata kitu kinachokaribia kuwa daftari la mahudhurio.

Na katika daftari hilo yumo mwanamke mwenye kitabu. Mwili ni wa msichana wetu, mkao ni wake, kitabu kipo. Ila kichwa kimegeuka kutazama nje.

Kwa wenye picha, jambo hili halikuwa geni kabisa. Picha za eksirei zilikwisha onyesha hapo nyuma kwamba chini ya kichwa cha msichana kuna kichwa kingine. Eksirei hupenya rangi nyingi lakini huzuiwa na madini mazito, na rangi nyeupe ya wachoraji wa zamani ilitengenezwa kwa risasi. Kwa hiyo popote mchoraji alipotumia nyeupe kwa wingi, kama kwenye ngozi na kitambaa, eksirei hurudisha kivuli cheupe. Tatizo ni kwamba hurudisha vivuli vyote kwa pamoja, cha juu na cha chini, kama sauti za watu wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja. Ulijua kuna mtu. Hukujua ni mtu wa namna gani.

Uchunguzi mpya ulifanywa Washington na watu watatu wa jumba lenyewe: Yuriko Jackall, mwanahistoria wa sanaa, John Delaney, mwanasayansi wa upigaji picha, na Michael Swicklik, mhifadhi wa michoro. Napenda kwamba walikuwa watatu wa fani tatu, kwa sababu kila mmoja peke yake angekwama. Mhifadhi anajua rangi ilivyopigwa, mwanasayansi anajua namna ya kuiona iliyofichwa, na mwanahistoria anajua swali gani linafaa kuulizwa.

Njia zao mbili kuu zinastahili kuelezwa. Ya kwanza ni kamera inayopokea miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, na kuigawa katika vipande vingi vyembamba badala ya kuichukua kwa mkupuo. Rangi mbalimbali hupitisha au kumeza miale hiyo kwa namna tofauti, hivyo kwa kulinganisha kipande na kipande unaweza kuipuuza tabaka ya juu na kuisoma ya chini. Njia ya pili hutuma eksirei kwenye nukta ndogo ya picha, na kila elementi iliyomo kwenye rangi hujibu kwa mng'ao wake yenyewe. Mashine ikipita nukta baada ya nukta, unapata ramani: hapa pana risasi, hapa pana chuma, hapa pana zebaki.

Zebaki ndiyo yenye utamu. Rangi nyekundu iliyopendwa na wachoraji wa enzi ile ilitengenezwa kwa zebaki na salfa, na katika picha ya mtu kawaida yake ni kukaa midomoni na mashavuni. Ukiitafuta chini ya kichwa cha msichana, unapata wekundu wa uso usio wake, uliowekwa mahali ambapo yeye hana mdomo wala shavu. Pamoja na vipande vya infraredi, alionekana mwanamke anayetazama mbele, kichwani amevaa pambo kubwa la manyoya na shanga. Akafanana na yule wa kwenye karatasi ya mnada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na mwishoni mwa mwaka 2017 jumba hilo likaandaa maonyesho ya sura za kubuni, msichana akiwa amesimamishwa katikati ya ndugu zake.

Hapa wengi hufunga kesi: amethibitishwa kuwa wa ukoo, hongera. Mimi naona kesi ndiyo inaanza, kwa sababu kilichothibitishwa ni mwili tu. Aliyekuwa wa ukoo ni mwanamke wa manyoya. Gauni la manjano lilivaliwa na yeye. Kitabu kilikuwa mkononi mwake, na kile kidole kinachojitenga, ambacho kila mwongozaji wa makumbusho hukisifia kwa uzuri wa msichana, kilichorwa kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa akitutazama. Msichana alikuja baadaye na kitu kimoja tu, kichwa. Kila kingine amerithi.

Ukijua hivyo, kazi ya kola inakuwa wazi kuliko mwanzo. Kugeuza kichwa kutoka mbele kwenda upande juu ya mwili uliokwisha chorwa ni jambo la hatari. Shingo ndiyo humsaliti mchoraji, maana misuli na mfupa wa bega lazima vikubaliane na kichwa. Fragonard alikuwa na bahati, au tuseme mavazi ya Kihispania yalikuwa na huruma. Marinda yanaficha kiungo. Kichwa kinatua juu ya kola kama kinavyotua juu ya sahani, na hakuna anayeuliza huko chini kinaungana vipi.

Kwa nini alifuta uso wa kwanza? Hakuna barua wala hati ya malipo inayosema, kwa hiyo tunapima uwezekano.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba mteja alikataa. Linavutia kwa sababu Fragonard alikuja kuonja kukataliwa: miaka michache tu baadaye, Madame du Barry, kipenzi cha mfalme Louis XV, alimrudishia picha kubwa za mapenzi alizomchorea kwa ajili ya jumba lake la Louveciennes, zile ambazo leo ziko Frick Collection, jumba la makumbusho la New York. Mchoraji anayefanya kazi kwa ajili ya watu wenye nguvu anajua kurudishiwa mzigo. Lakini kwa msichana wetu jibu hili linategemea kuwapo kwa mteja aliyeagiza, na sura za kubuni hazionekani zote kuwa maagizo ya kawaida. Nyingine zina harufu ya mchezo baina ya marafiki. Mtu anayekubali kuchorwa kwa saa moja akiwa na kola ya karne iliyopita hakuja kutafuta picha ya kutundika sebuleni ili wajukuu wamkumbuke.

Jibu la pili, ambalo nalipa uzito zaidi, ni la soko na la jicho kwa pamoja. Picha ya sura ya mtu ambaye hakuichukua haimfai mtu mwingine. Nani anunue uso wa jirani? Picha ya msichana anayesoma inaweza kuingia nyumba yoyote. Paris ya wakati huo ilikuwa imejaa vitabu vidogo vya kubeba mkononi, hadithi za mapenzi hasa, na mwanamke anayesoma peke yake alikuwa somo lenye kuuzika: wengine waliona adabu, wengine waliona hatari, wote walitaka kutazama. Fragonard alibakiza kitabu, akageuza kichwa kukielekea, na ghafla kile kilichokuwa pambo mkononi mwa bibi wa heshima kikawa ndicho kiini cha picha. Akayaondoa manyoya na shanga, akaweka utepe. Kwa viboko vya brashi vya mchana mmoja, pengine, aliokoa turubai na akapata picha iliyo bora.

Ndiyo, bora. Hapo najua naingia kwenye eneo la ubishi. Wapo wanaotazama taswira ya kompyuta ya mwanamke wa manyoya na kusikitika kwamba mtu halisi alifunikwa na msichana wa kubuni. Nawaelewa. Lakini ukizipanga sura za kubuni pamoja, baada ya ya tano au ya sita mbwembwe zinaanza kujirudia: bega hili, mgeuko huu wa shingo, joho hili. Msichana anaukata mtindo huo katikati. Mavazi ya maonyesho yamevaliwa na mtu asiyejionyesha, na mgongano huo ndio unaoifanya picha ipumue. Asingeupata mgongano huo kama angeanza na turubai tupu, kwa sababu hakuna ambaye angefikiria kumvisha msomaji wa chumbani kola ya dansi. Ni mabaki ya picha ya kwanza yaliyoipa ya pili uhai.

Karatasi ya mwaka 2012 haikumgusa msichana peke yake. Kulikuwa na picha ya Louvre iliyoitwa kwa miongo mingi picha ya Denis Diderot, mwanafalsafa, hadi kwenye vitabu vya shule vya Ufaransa. Macho ya yule mtu ni ya buluu na ya Diderot yalikuwa ya kahawia, lakini jina lilikuwa tamu mno kuachwa. Kichoro chake kwenye karatasi hakikuandikwa Diderot, na Louvre ikaliondoa jina. Soko nalo lilikuwa halijapoa: Desemba 2013 picha ya kabaila François-Henri d'Harcourt, ya ukoo huo huo wa sura za kubuni, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 17, bei ya juu kuliko zote za Fragonard hadi siku hiyo. Jina kamili, cheo kamili, uso unaokutazama. Wanunuzi hulipia hivyo.

Kwa msichana, bei ilikwisha semwa zamani. Aliuzwa New York tarehe 15 Novemba 1961, katika mnada ule ule ambao picha moja ya mchoraji Rembrandt ilivunja rekodi kwa dola milioni 2.3. Fragonard huyu alikwenda kwa dola 875,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na Ailsa Mellon Bruce akamkabidhi kwa National Gallery kwa kumbukumbu ya baba yake, Andrew Mellon, aliyeianzisha. Walipomnunua hawakuwa wakinunua ukoo wala jina la mtu. Walinunua msichana anayesoma.

Kwa hiyo nikiulizwa kibao cha ukutani kiandikwe nini, nisingeandika picha ya sura ya bibi fulani, hata siku ikitokea hati ya kumtaja mwanamke wa manyoya kwa jina na ukoo wake. Ningeandika kwamba turubai ilianza kama picha ya sura na mchoraji mwenyewe akaigeuza isiwe hivyo tena, kwa hiari yake au kwa kulazimika. Jumba la Washington linatoa taswira yake bure kwenye intaneti, kubwa ya kutosha kuhesabu mikwaruzo ya kola. Anayetaka kubishana nami aanzie hapo shingoni.